Kanda Yenye Nafasi za Kujibu

Watu wakisikia kwamba nilitunukiwa tuzo kwa kazi ya kuchunguza vinasaba vya vimelea vya malaria, hudhani miaka yangu yote ya masomo ng'ambo nilikuwa nikiwaza vimelea. Wapi! Nilikuwa nikimwaza mtoto. Vimelea vilipata mikono yangu na macho yangu, basi.

Niliondoka kwetu Matungu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo nilifanya kazi katika maabara moja mjini Kakamega, na mara kwa mara nilikwenda Iguhu kuwatoboa vidole watoto wenye homa, nikidondosha damu yao kwenye vipande vya karatasi. Dawa tuliyokuwa tukiitegemea ilikuwa imeanza kushindwa, nami nilitaka kujua kimelea kimebadilika wapi hata kikawa sugu. Swali hilo lilihitaji mashine ambazo hatukuwa nazo. Ufadhili wa masomo ulipopatikana, haukuwa na nafasi ya mtoto. Baba yake alishaoa kwingine na hakuwa mtu wa kuombwa kitu. Nikamwacha binti yangu kwa mama yangu, ndio kwanza anaanza kuunganisha maneno.

Usiniambie habari za simu. Simu ya karibu ilikuwa posta ya Mumias, na mtoto wa umri ule ukimpa mkono wa simu ataulamba tu. Mama naye hakuwa mtu wa barua. Zake ziliandikwa na jirani, mistari miwili mitatu: mtoto mzima, mvua imenyesha, wewe soma. Basi Jumamosi moja nikanunua kanda tupu, nikaazima kinasa sauti, nikajifungia chumbani nizungumze na mwanangu.

Hapo nikafanya jambo ambalo nadhani ni mtu wa maabara tu angelifikiria. Nilimwachia nafasi za kujibu.

"Asalaam aleikum," nikasema, kisha nikanyamaza muda wa kumtosha mtoto kuitikia. "Umelalaje?" Kimya. "Vizuri sana, mwanangu. Umekula nini?" Kimya. "Vizuri sana, mwanangu." Kazini nilizoea kutia kitu kwenye mashine na kukaa nikingoja bila kukigusa, kwa hiyo nilidhani kimya hakinisumbui. Kilinisumbua. Nilisikia mabomba yakigongagonga ukutani, nikamtamani mtoto wangu, na bado nikalazimika kusema vizuri sana kwa sauti ya furaha.

Kanda ile nilimpa mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa akirudi Kenya, pamoja na redio ndogo ya kaseti. Ilikuwa ya kucheza tu, haikurekodi. Ndiyo niliyoimudu. Maswali yakaenda, majibu hayakurudi.

Baadaye nilituma kanda nyingine, za hadithi na nyimbo, nikijiona nimeboresha kazi. Nilikuja kuambiwa kuwa mtoto hakuzitaka. Ndani yake nilikuwa nikisema peke yangu, sikumuuliza kitu.

Damu ya watoto wa Iguhu ilikuwa kwenye friza, hatua chache kutoka mezani pangu. Kwa tone moja lililokauka ningeweza kukueleza kimelea cha aina gani kiliingia katika mtoto gani. Wangu mimi sikujua hata kama ameota magego. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na siku nyingine niliwachukia kwa kusema hivyo. Hatimaye mimi na wenzangu tulikipata kile kipande cha kinasaba kilichobadilika. Tuzo ikaja, kioo kizito kama tofali. Profesa wangu akanisihi nibaki. Nikamwambia kuna mtu ananingoja nyumbani.

Nilifika Matungu msimu wa kukata miwa. Mama alichinja kuku, majirani wakajaa, na mjomba wangu akakigeuzageuza kile kioo.

"Sasa hii," akauliza, "ni ya watu ama ya mbu?"

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mimi macho yangu yalikuwa mlangoni, kwa msichana asiye na meno ya mbele aliyeshikilia leso ya nyanya yake.

"Asalaam aleikum," nikamwambia.

"Waaleikum salaam," akajibu, kisha akatulia akinitazama mdomoni.

Machozi yakanitoka. "Jamani, umekua!" nikasema.

Akakunja uso, akaenda zake nyuma ya nyumba. Nikailaumu miwani niliyoanza kuvaa ng'ambo, nikazilaumu nywele nilizokata, kwa kuwa katika picha ya ukutani nilikuwa na mabutu.

Nilimpa sweta, akalipokea kwa mikono miwili. "Asante, aunti." Nilimpa mwanasesere. "Asante, aunti." Adabu ile ilinichoma kuliko kama angenitukana.

"Mtoto hanunuliwangi na sweta," mama akaniambia. "Nimemwambia ni wewe, anakataa. Mungoje tu. Huyu rafiki yake ni ile ledio. Betri ndio inanimaliza hapa."

Mama alinipa kitanda changu cha usichana. Nilipokuwa nikiweka begi, mtoto alisimama mlangoni. "Hapo watu hawalalangi," akasema. Nyanya yake akamwambia aache maneno mengi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikashika jembe, nikaandamana na mama kupalilia maharagwe. Jua lilipokuwa kali nikarudi nyumbani kuchukua maji, na nilipokaribia dirisha nikajisikia mwenyewe nikiongea ndani. Sauti yangu ilikuwa changa, ya polepole, kama ya mtu aliyepumzika.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, mama."

"Umelalaje?"

"Vibaya."

"Vizuri sana, mwanangu. Umekula nini?"

"Obusuma na ingokho. Ile kuku ya mgeni, na ugali."

"Vizuri sana, mwanangu."

Niliegemea ukuta. Vile vimya vyote nilivyokaa navyo nikisikiliza mabomba, mwanangu alikuwa akivijaza, haharakishi wala hachelewi. Ndipo nikaelewa alichokuwa akikingoja mdomoni mwangu siku ile mlangoni. Nilitaka kuingia nimkumbatie, nikaogopa kumkatiza.

"Nyumbani kuna habari gani?" kanda ikauliza.

"Kuna mgeni. Analala kwa kitanda yako. Analianga tu. Nimwambie aende kwao?"

Kimya cha hapo kilikuwa kirefu. Nilikirefusha makusudi, ili mwanangu anieleze yote aliyo nayo moyoni. Kilinitosha kabisa kusema neno pale dirishani, nami nikainama kuokota ndoo ya maji.

"Vizuri sana, mwanangu," nikamjibu kutoka kwenye kanda.

Akazima redio, akatoka, akanikuta mlangoni na ndoo.

"Aunti," akasema kwa upole, "mama amekubali uende."

Nikamwambia nimesikia. Nikaingia, nikatoa begi langu, nikalipeleka chumbani kwa mama. Niliporudi nilimkuta ameinama juu ya kitanda changu, akivuta shuka hadi pembe zikanyooka, ili mama yake akija akikute tayari.