Kikaango Kisichoona Zebaki

Kikaango kipya kinapopikiwa chapati ya kwanza, harufu yake ya chuma hunirudisha Chunya, kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Akina mama walikuwa wamegoma kupika mpaka wachimbaji waache kuchomea dhahabu yenye zebaki majumbani. Kila mmoja alileta kikaango chake, kilekile cha kuchomea dhahabu jioni na kukaangia maandazi asubuhi, wakavikalia.

“Sasa tutakula nini, mama watoto?” baba aliuliza.

“Dhahabu,” mama akajibu. Uwanja mzima ukacheka.

Mimi mbishi nikadakia, “Huo moshi mbona haunuki? Mnajuaje una sumu?”

“Nesi katuambia, zebaki hutetemesha mikono,” mama akasema. “Humwamini? Haya, mwangalie baba yako anavyoshika kikombe.”

Baba akaficha mikono mfukoni.

Siku ya tatu wanaume walihamishia uchomaji kwenye banda kule machimboni, na baba akarudi na kikaango kipya. Nilikikagua, nikakinusa, nikauliza kimetoka wapi.

“Kula, mwanangu,” mama akasema, akinipa chapati ya kwanza. “Hicho hakijaona zebaki.”

Nilikula chapati tatu. Baba alikunywa chai kando yangu, kikombe amekishika kwa mikono miwili.