Dhiki Kwenye Usukani, Faraja Kiti cha Nyuma

Saa mbili na nusu asubuhi, jua la Februari bado linasuasua nyuma ya milima ya Sierra Nevada, na Angustias Maldonado anapita katikati ya viti vya basi lake dogo akimtazama kila abiria usoni. Hahesabu. Anatazama. Anamwangalia kijana mwenye ndevu, anamwangalia mama aliyefunga miwani kwa uzi, anatikisa kichwa na kusogea kiti kinachofuata.

"Wananiona kama askari wa mpakani," anasema akijiweka kwenye usukani. "Wacha waone hivyo. Mimi vichwa nimeacha kuvihesabu. Kichwa kinadanganya."

Basi limeegeshwa kwenye barabara ya Paseo del Salón, mjini Granada, kusini mwa Hispania, na abiria wake ni wale wale wa kila Alhamisi, ingawa nyuso ni mpya. Jana wameshiba Alhambra, ngome ya kale ya wafalme. Leo wanataka Alpujarra, nchi ya vijiji vya milimani: kijiji cheupe, theluji ya kutazama kwa mbali, sahani ya migas, makombo ya mkate yaliyokaangwa, yenye kitunguu saumu cha kutosha, na jioni warudi hotelini kuoga. Wengi watapiga picha za mabomba ya moshi juu ya paa. Sijawahi kuelewa ni kwa nini, na nimeishi huku miaka mingi.

Angustias, mwenye miaka hamsini na saba, amezaliwa huko huko wanakokwenda, katika kijiji cha Bujaral. Alianza kazi kwa kuendesha basi la shule milimani, mpaka watoto wakaisha. "Watu wanalaumu serikali kwamba ilifunga shule," anasema. "Serikali gani? Tuliifunga wenyewe tulipoacha kuzaa!"

Akahamia kwenye kampuni moja ndogo ya watalii. Mshahara wake, euro elfu moja na mia tatu kwa mwezi, ndio unaobeba nyumba tangu mgongo wa mumewe, Blas, ugome kubeba matofali. Novemba iliyopita nusura aupoteze.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu jina lake. Angustias ni jina la Bikira Maria, mlinzi wa Granada, na wanawake wengi wa rika lake wanalo. Kwa Kiswahili tungemwita Dhiki. Ukitaka kumtania, amekwisha kukutangulia.

"Gari likiharibika, lawama kwa Angustias. Mvua ikinyesha, lawama kwa Angustias," anasema. "Ungetegemea nini kwa mtu mwenye jina kama hili?"

Bujaral sasa ina wazee na paka. Basi la kawaida linapita mapema mno kwa mtu mwenye magoti mabovu, na likirudi limechelewa mno. Mmoja wa wazee hao ni Consuelo Vílchez, mwenye miaka themanini na mmoja, ambaye kila mwezi lazima achomwe sindano ya jicho hospitalini Granada. Akikosa sindano, jicho linafifia, na lile la pili lilikwisha kufifia zamani.

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa, Alhamisi moja kila mwezi, Consuelo alishuka na watalii mpaka mjini, akalala kwa bintiye na Ijumaa asubuhi akawa hospitalini. Alikaa kwenye kiti cha kukunja kando ya dereva. Hakuwa na tiketi. Kampuni haikujua, na bima haikumtambua.

"Nilijua ni kosa," anasema Angustias. "Lakini yule ni shangazi Consuelo. Si shangazi wa damu, ila ndiye aliyenifuta kamasi. Nimwambie nini? 'Shangazi, jicho lako halimo kwenye ratiba'?"

Alhamisi ile ya Novemba ukungu ulishuka mapema. Watalii kumi na tisa walikula kwa Trinidad, mwenye baa pekee ya Bujaral, wakatawanyika vichochoroni, na saa kumi na moja jioni wakarudi wakitetemeka. Angustias alimtafuta Consuelo kwa macho, hakumwona, akadhani mkwewe amekuja kumchukua kama afanyavyo mara mojamoja hali ya hewa ikiwa mbaya.

Akatazama kwenye kioo, akahesabu vichwa. Kumi na tisa. Akawasha injini.

Barabara ya kuteremka ina kona zinazoweza kumtapisha mbuzi. Basi zima lilikuwa limesinzia walipofika Lanjarón, mji ulio njiani kwenda Granada, na hapo ndipo sauti ikatoka kiti cha nyuma kabisa, sauti ambayo Angustias anaijua tangu utotoni.

"Angustias, mwanangu! Hapa ndipo Lanjarón au nimelala tukapita?"

"Nilikanyaga breki," anasema. "Nikajiuliza, kama shangazi yumo, basi nani hayumo?"

Consuelo alichoka kusubiri kwenye baridi, akapanda mapema wakati Angustias akinywa kahawa kwa Trinidad, akaenda nyuma kwenye joto, akavuta kofia yake ya sufu ya kijivu mpaka kwenye nyusi na kulala. Aliyekuwa na kofia ya sufu ya kijivu asubuhi, kwenye kiti kilekile, alikuwa mzee wa Kiholanzi aliyesafiri peke yake, Wietse Hoekstra, mwenye miaka sabini na sita na sikio moja linalofanya kazi. Koti lake lilikuwa limening'inia dirishani. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa koti.

Mzee, bila koti, bila simu, mlimani, kwenye ukungu, na giza linaingia. Angustias aliegesha kwenye kituo cha mafuta na kumpigia Trinidad.

"Trini, nimemwacha mtu huko juu."

"Umemwacha nani?"

"Mholanzi. Mrefu. Toka umtafute, nakuomba!"

Bujaral nzima ilitoka na kurunzi, na Bujaral nzima ni watu ambao wenyewe wangehitaji mtu wa kuwashika mkono. Walikwenda kwenye chemchemi. Walikwenda kwenye njia ya mitini, inayoishia korongoni. Waliita jina ambalo hakuna hata mmoja aliyeweza kulitamka, wakimwita mtu ambaye huenda asisikie. Kila Trinidad alipopiga simu, jibu lilikuwa lilelile: hayupo.

Ndani ya basi abiria walikuwa wameamka. Mama mmoja kutoka Madrid alitaka kujua nani atamlipia chakula cha jioni alichokwisha kuagiza. Angustias hakumsikia. Alikuwa amempigia bosi wake, Don Leandro, na kumwambia yote, pamoja na habari ya kiti cha kukunja.

"Kwa nini ulimwambia na hiyo?" namuuliza.

"Nilikuwa na hofu ya mtu kufa. Ukiwa na hofu hiyo, unapata wapi akili ya kudanganya?"

Katikati ya hayo Consuelo akamvuta mkono. "Mwanangu, ukiongea tena na Trini, mwambie amlishe paka. Nimesahau kumwachia chakula."

Paka huyo anaitwa Ministro, yaani Waziri, kwa sababu hafanyi kazi na anakula vizuri.

"Nilimfokea shangazi yangu mbele za watu," anasema Angustias, na mpaka leo uso unamwiva. "Nilimwambia, 'Mtu anakufa mlimani, wewe unaniletea habari za paka!' Akanijibu taratibu, 'Huyo mtu simjui aliko. Paka namjua aliko.'"

Angustias akampa ujumbe Trinidad, nusu kwa hasira na nusu kwa heshima. Trinidad naye, amechoka kuzunguka, akasukuma mlango wa Consuelo. Milango ya Bujaral haifungwi. Inaning'inizwa zulia la mistari kuzuia upepo, basi.

Ndani, kwenye meza ya duara yenye kitambaa kizito kinachofika sakafuni, na chini yake karai la makaa yaliyofunikwa majivu kwa ajili ya Waziri, alikaa Wietse Hoekstra. Miguu ilikuwa chini ya kitambaa. Kidevu kilikuwa kifuani. Waziri alikuwa mapajani. Wote wawili walikoroma.

Trinidad alipiga simu akicheka na kulia kwa pamoja, kiasi kwamba kwa sekunde kadhaa Angustias alidhani ni msiba. "Yuko kwa Consuelo!" alipiga kelele. "Amelala kama amelipa kodi!"

Angustias alishuka kwenye basi, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akashusha pumzi na kulia kama mtoto. Yule mama wa Madrid ndiye aliyemletea maji. Kisha wakapanda mlima tena, wote, kumfuata mtu wao, na Trinidad akawapa kila mmoja bakuli la supu ya moto.

Maelezo ya mzee mwenyewe yalikuwa mepesi. Kwenye ratiba ya siku kulikuwa na kutembelea nyumba ya kale, makumbusho madogo ya kijiji. Nyumba hiyo iko mlango wa tatu kutoka kwa Consuelo, na ina zulia la mistari kama lake. Mzee akaingia, akaona sufuria za shaba, pilipili zilizokaushwa, picha ya askari ukutani.

"Nilifikiri, makumbusho mazuri mno haya," alisema. "Hata paka wameweka."

Akakaa kidogo apumzishe miguu. Aliyewahi kuingiza miguu chini ya meza ya namna hiyo mwezi wa Novemba hatamlaumu.

Lakini Don Leandro hakucheka. Alimwambia Angustias asije kazini mpaka amwite. Siku zile Angustias alisugua oveni ya nyumbani mpaka Blas akamuuliza kama wanaiuza. Hakuogopa mshahara tu. Ijumaa ile Consuelo aliwahi sindano yake, lakini kuna Desemba, kuna Januari, na dereva mwingine asingemjua.

Jumatatu aliitwa ofisini. Mholanzi alikuwapo pia, na fimbo yake, kwa kuwa Don Leandro alitaka kumwomba radhi ana kwa ana kabla hajapanda ndege.

"Angustias, dada yangu," bosi alianza, "hebu niambie. Unaendesha basi la watalii au gari la wagonjwa?"

"Yote mawili, bosi. Unajua sasa."

"Na bima? Kona moja tu ikikushinda, yule bibi yuko ndani bila karatasi, mimi nakwenda kujibu mahakamani!"

"Ni kweli."

"Mbona unakubali kila kitu? Nitagombana na nani?"

Kisha akamgeukia mgeni, akamuuliza anataka alipwe fidia gani. Wietse Hoekstra alisogeza sikio lake zima, akataka swali lirudiwe, akafikiri.

"Nataka kurudi mwakani, nione yale makumbusho yenyewe," alisema. "Na yule bibi msimnyime kiti. Yeye alikaa kwenye changu, mimi nikakaa kwenye chake. Changu kilikuwa na mtikisiko."

Angustias anasema Don Leandro alijaribu kubana midomo, ikamshinda. Alicheka mpaka akatoa leso. Alipomaliza alipiga meza kwa kiganja.

"Tiketi!" alisema. "Iwe ya euro moja, lakini iwe tiketi! Mzee yeyote wa Bujaral anayekwenda hospitali apewe tiketi, aandikwe, akatiwe bima. Na wewe jifunze kutazama watu, si kofia."

Ndiyo maana leo, saa kumi na moja jioni, Bujaral, wakati milozi iliyochanua inaanza kupoteza rangi kwenye kivuli, Consuelo anapanda basi akiwa ameinua tiketi yake juu ili wote waione. Kiti cha kukunja amekikataa. Anakwenda nyuma kabisa.

"Mbele kuna baridi," ananiambia. "Na huyu anaongea sana."

Daktari amemwambia jicho limesimama pale lilipokuwa. Halijapona, lakini haliendelei kufifia. Anaona sura ya Waziri, anasema, na hiyo inamtosha.

Angustias anapita kati ya viti, anatazama nyuso moja baada ya nyingine. Akirudi mbele namwambia jambo ambalo limenikaa moyoni tangu asubuhi: kwamba kwetu tuna msemo, baada ya dhiki faraja, na kwamba Consuelo kwa Kiswahili ndiyo hiyo Faraja.

Anageuka kumtazama Consuelo aliye nyuma kabisa. Ananigeukia mimi.

"Kwa hiyo dhiki ni mimi hapa mbele?"

"Ndiyo."

"Na faraja iko nyuma yangu siku zote hizi, inalala!" Anacheka mpaka anafuta macho kwa mkono wa sweta.

Akistaafu, anataka kurudi Bujaral, kwenye nyumba ya mama yake. Ameanza kuziba paa kidogokidogo. Alhamisi atakuwa anapanda basi hili na tiketi yake ya euro moja, akae kule nyuma, amchungulie dereva mpya. Anachoomba ni kwamba dereva huyo awe mtu wa kusimamisha basi.

"Ajue kwamba hapa si mahali pa kupiga picha tu," anasema. "Kuna watu wanaotaka kwenda mjini."

Anawasha injini. Basi halijasogea hata hatua moja, sauti inatoka nyuma.

"Angustias! Umemwambia Trini?"

"Kuhusu nini, shangazi?"

"Waziri hajala."

Hakuna anayefoka. Angustias anazima injini, anateremsha kioo na kuita kuelekea kwenye baa, mpaka Trinidad anatokea mlangoni akijifuta mikono.

"Kamlishe Waziri!" anamwambia. "Na ukiwa humo ndani, angalia kama kuna mtu."