Kwa Nini Pikapu Ilizima

Kaloki wa Mugutha aliipenda pikapu yake kupita kiasi. Rangi ilikuwa imebabuka na mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba, lakini ndiyo iliyobeba mananasi ya wakulima wa mashariki ya Thika hadi sokoni, na ndiyo iliyomsomesha Kamene, binti yake wa pekee. Ukimwambia aiuze, alikutazama kana kwamba umemtukana mama yake.

Kisha ikaanza kuzima. Inakwenda vizuri, ghafla inakohoa na kunyamaza. Ukingoja kidogo ukapiga stata, inawaka kana kwamba haijafanya lolote. Na ikifika gereji kwa Waweru, pale Kamakis nyuma ya wachoma nyama, inanguruma siku nzima bila kosa. Waweru akabadilisha plagi, akabadilisha koili, akasafisha kabureta. Ikatulia kwa muda, kisha ikarudia vituko vyake.

Kamene akamsihi babake aachane nayo. Mutheu, mkewe Kaloki, alicheka tu, akasema huyo mzee na gari lake watazikwa kaburi moja.

Aliyezikwa ni Mutheu. Asubuhi moja pumu ilimbana, wakampakia kwenye pikapu kumkimbiza hospitali ya Thika. Katikati ya barabara ikazima. Kaloki alipiga stata mpaka mkono ukamuuma, akashuka kusimamisha magari, hakuna aliyesimama. Ndani, Kamene alikuwa amempakata mamake. Pikapu ilipokubali kuwaka, Mutheu alikuwa ameshakata roho.

“Nilikuambia, Baba,” Kamene alisema. Baada ya mazishi akahamia Thika, karibu na kiwanda alichofanyia kazi, na simu za babake akawa hapokei.

Kaloki hakuwa na raha tena duniani. Alitaka kitu kimoja tu, kujua kilichoizima ile pikapu. Kama ni uzembe wake, aubebe. Kama si wake, akamwambie Kamene, pengine angerudi nyumbani. Akaenda kwa Waweru kumwomba waizungushe barabarani pamoja mpaka izime mbele ya macho yake.

Ilizima wakipanda mlima, mafuta yakiwa yamebaki kidogo. Safari hii Waweru hakushughulika na plagi. Alichomoa paipu ya mafuta, akapuliza kwa mdomo kuelekea kwenye tangi, akatema petroli, akairudisha. Kaloki akapiga stata, ikawaka.

“Mzee, kuna kitu ndani ya tangi,” Waweru alisema. “Kinavutwa, kinaziba paipu. Injini ikinyamaza, kinaachia.”

Huko Kamakis walishusha tangi, wakalimwaga, na Waweru akaingiza waya uliopindwa. Alichovua ni kitambaa cha zambarau chenye upindo wa manjano. Akacheka, maana hayo aliyaona kila mara: mtu anaibiwa mfuniko wa tangi, anaziba kwa tambara, tangi linalimeza. Akauliza nani aliziba.

Kaloki alikijua kile kitambaa. Wanakwaya wa kanisa lao hujifunga hicho kichwani. Jumapili ile mfuniko ulipoibiwa, Kamene alikuwa amevua chake akaziba nacho petroli isimwagike, na Kaloki akamsifu mbele ya watu kwa akili zake. Aliponunua mfuniko mpya alikuta mdomo wa tangi mtupu, akadhani binti amechukua kitambaa chake. Hakuuliza.

Aliketi juu ya tairi akalia, na hakujali nani alimwona. Jibu lililomwondolea lawama alikuwa amelipata, na hakuwa na mtu wa kumpa.

Kesho yake aliegesha nje ya kiwanda. Kamene alitoka na aproni yake, amekonda, akasimama mbali kidogo na pikapu.

“Ilikuwa nini?” aliuliza. Lilikuwa swali la kwanza kumuuliza babake tangu mazishi.

Kitambaa kilikuwa chini ya kiti. Kaloki alikisukuma ndani zaidi kwa kisigino.

“Pampu ya mafuta, mama. Ilikuwa imechoka. Ningeibadilisha mapema.”

“Nilikuambia, Baba.”

“Uliniambia.”

Kamene alijifuta macho kwa aproni, akarudi kazini. Kaloki akapiga stata. Alirudi peke yake hadi Mugutha, harufu ya petroli ikijaa ndani, na pikapu haikuzima hata mara moja.