Mtoboa Masinia wa Chaozhou

Bi Sokhiang alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha kauri hapa Chaozhou, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutoboa matundu kwenye mifuniko ya masinia ya chai kabla haijaingia tanurini, ili maji yanayomwagika wakati wa kusuuza vikombe na kumimina chai yashukie bakuli la chini. Nilipohamia jirani naye nilimcheka moyoni. Kutoboa nayo ni kazi?

Binti yake alipopata nyumba mpya, mkwewe, Bunhao, alituchukua dukani kuchagua meza ya chai. Bunhao ni mtu wa makubwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya gogo zima.

"Mama, hii hata wageni watanyamaza."

"Ya kunywea chai au ya kulalia?"

Mwenye duka akaingilia. "Shangazi, hayo masinia ya duara ni ya wazee. Siku hizi watu wanataka hizi."

"Haya. Niletee birika la maji."

Akamimina juu ya meza. Maji yakazunguka, yakasimama, kisha yakaifuata suruali ya Bunhao. Yaliyobaki akayamwaga kwenye sinia jeupe la duara. Yakamezwa yote, yakatua kwenye bakuli la chini, juu pakabaki pakavu.

"Tundu likiwa dogo, maji yanagoma," alisema, akipitisha kidole kwenye mfuniko. "Likiwa kubwa, mfuniko unapasuka motoni. Na ukingo ukiwa mkali utakukata siku unafuta. Aliyetoboa hili ni fundi."

"Umejuaje, shangazi?"

"Nimetoboa arobaini kwa siku tangu wewe hujaoa."

Mwenye duka akamvutia kiti. Akatoa chai ya mlimani aliyokuwa ameificha, akamwomba amkagulie masinia yake yote. Bi Sokhiang akakataa sita, akakubali mawili. Moja tukaondoka nalo.

Siku ya kuhamia, wageni walikuwa saba na vikombe vitatu tu, vya kunywea kwa zamu, kama ilivyo desturi ya hapa. Bunhao mwenyewe ndiye aliyeshika buli. Mjomba wake akamchokoza: "Nyumba kubwa hivi, sinia kama sahani?"

"Mwaga maji uone, mjomba. Hiyo ni kazi ya watu kama mama mkwe wangu. Wewe umeacha nini watu wakitumie?"

Watu wakaangua kicheko. Bunhao akamtengea Bi Sokhiang kikombe cha kwanza kwa mikono miwili. Siku zote mama yule hukisukuma kwa wengine. Safari hii alinyoosha mgongo, akakipokea, akakinywa taratibu huku sote tukimtazama.