Mstari wa Chaki

Katika karakana yetu ya kushona sare, fundi wa kukata tulimwita Mama Mkasi. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuharibu kitambaa, na mdomo alikuwa nao: ukimsogelea akiwa anakata, utaambiwa urudi ulikotoka. Ndipo akaja msimamizi mpya, mtamu wa maneno, tukambandika jina la Asali. Wiki mbili tu, alishajua majina ya watoto wetu wote.

Mwezi wake wa tatu, mikono ya mashati ikaanza kutoka mifupi. Upana wa kidole tu, lakini shati limeshaharibika. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tajiri wetu, dada mwenye karakana, akamwambia Mama Mkasi kwamba ikitokea tena, aende nyumbani. Asali akamshika bega. "Pole, mama. Macho nayo huzeeka." Sote tukaitikia. Mimi pia, na naona haya kuyasema haya.

Mama Mkasi akawa anapima mara nne nne. Meza zetu zilitazamana, lakini nilishindwa hata kumwangalia.

Siku moja sindano ya cherehani ikamtoboa mwenzetu kidole. Sote tulifumba macho. Mama Mkasi hakufumba. Alimwona Asali amemkazia macho yule anayelia, ametulia tuli, kama mtu anayesubiri chai ichemke. Alipogundua anatazamwa, uso ukajaa huruma papo hapo.

"Ule uso ameuvaa," Mama Mkasi alininong'oneza. "Nimemwona akiuvaa."

Kesho yake hakushika chaki. Alichora mistari ya kukatia kwa kipande cha sabuni, kama mama yake alivyomfundisha, akaenda kula. Ufunguo wa karakana ulibaki kwa Asali. Mama Mkasi aliporudi hakugusa mkasi, alimwita tajiri.

"Pitisha kidole kwenye mstari, dada," alimwambia.

Kidole kikatoka na vumbi jeupe. Mama Mkasi akatoa sabuni yake mfukoni. "Mimi leo sijachora kwa chaki. Nani kaufuta wangu akachora huu?"

Asali, aliyekuwa amesimama kando, hakubisha. Aliuliza tu, kwa hamu kabisa, "Uligundua lini?"

Alifukuzwa saa ileile. Akapita meza kwa meza akituaga. Kwangu akainama, akauliza kikohozi cha mwanangu kinaendeleaje, akasema nimpe maji ya uvuguvugu. Mama Mkasi alikuwa ananitazama. Nami, Mungu wangu, nilikuwa nimeshamwambia asante.