Sisi Mabingwa wa Kufuga Vyura

Wenzangu mliokulia Mwika wakati mfongo bado ukipita nyuma ya jiko, naomba mje mnitolee ushahidi, maana watoto wetu hawaniamini. Enzi zetu hakuna aliyetafutiwa mnyama wa kuchezea. Ulitoka nje asubuhi, umande haujakauka, ukachungulia pale jani la mgomba linapoachana na shina, na ndani ya kile kikombe cha maji ya mvua alikuwemo chura mdogo wa kijani, amekunja miguu kama mzee wa kanisa anayesubiri mahubiri yaishe. Unamchukua. Kuanzia hapo ni wako.

Mfongo, kwa wale mliolelewa na bomba, ni mfereji waliouchimba mababu zetu kuteremsha maji kutoka mlima Kilimanjaro hadi kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, na kila ukoo ulikuwa na zamu yake. Zamu yetu ilikuwa Jumanne na Ijumaa. Baba alizibua tundu lililozibwa kwa udongo na magome ya mgomba, maji yakaingia kihambani kwetu, na pamoja na maji wakaingia vyura wa kihamba cha juu. Sheria yetu sisi watoto ilikuwa fupi: aliyeingia kwa zamu yetu ni wetu. Binamu yangu Aminieli, ambaye kwao ndiko kulikuwa kihamba cha juu, hakuikubali hata siku moja. Alishuka na kopo lake mkononi, ametuna.

"Yule mwenye mstari mgongoni ni wa kwetu. Namjua."

"Kama ni wa kwenu, mwite aje."

Aliita kweli. Chura hakwenda. Kesi ikaisha.

Tuliwafuga kwenye makopo ya mafuta ya kupikia yaliyotobolewa kwa msumari, kwenye buti la mvua lililobaki mguu mmoja, na viluwiluwi tukawaweka kwenye kisiki cha mgomba uliokatwa, ambacho hujaa maji chenyewe kama beseni. Msimu wa kumbikumbi tuligawana chakula kwa haki: mmoja kwa chura, watatu kwetu, wa kukaanga. Jumamosi mchana, kahawa ikishaingizwa ndani, tuliwashindanisha kuruka juu ya wavu wa kuanikia. Kahawa ya mwaka ule iliyokwenda ng'ambo, kama kuna mzungu aliyeionja akasema ina ladha ya pekee, ningependa kumpa maelezo.

Shuleni nako vyura walikuwa somo. Mwalimu wa sayansi, darasa la tano, alitangaza kwamba kesho kila mwanafunzi aje na viluwiluwi kwenye chupa. Kumbuka kwamba tayari tulikuwa tunabeba jembe, ukuni mmoja wa jiko la mwalimu, na kindoo cha samadi ya shamba la shule. Nusu ya viluwiluwi waliishia kwenye samadi. Waliosalia walipangwa dirishani, mwalimu akachora chura ubaoni, akampa miguu ya nyuma mifupi kuliko ya mbele. Darasa zima la wataalamu lilikaa kimya. Tulipenda maisha.

Nyumbani mama hakuwa shabiki. "Wenzako wanashika daftari, wewe umeshika chura. Ukifeli, chura ndiye atakayekuajiri?" Tena alikuwa na amri yake moja, aliyoisema mlangoni kila jioni kwa watoto, kwa wageni, na nadhani angeisema hata kwa askofu: "Katika nyumba yangu hakilali kitu ambacho hakijanawa miguu."

Chura wangu mimi aliitwa Mangi, jina la watawala wetu wa zamani, kwa jinsi alivyokaa ametoa kifua. Baba alilichukia jina hilo, akasema ni kuwatukana wakubwa. Lakini Mangi alikuwa bingwa. Alimshinda chura wa Aminieli mara tatu mfululizo, na kama ninavyowasimulia watu miaka yote hii, nilimtunza tangu mvua za masika hadi kahawa ikaiva, bila kitabu, bila daktari, bila kifaa chochote, halafu siku moja akaingia kwenye mfongo akaondoka zake kwa heshima, kama mtumishi anayestaafu.

Hiyo ndiyo hadithi. Niliisimulia chuo kikuu, nimeisimulia harusini, na kwenye kundi letu la simu la tuliosoma pamoja naisimulia kila mwezi. Wenzangu hujibu kwa mikono ya kupiga makofi.

Sasa tazama hawa wa leo. Binti yangu Aika, kidato cha tatu, alianza kwa kutaka salamanda. Alimwona kwenye simu: mnyama wa rangi ya waridi, ana manyoya shingoni, anatabasamu kama mgombea ubunge. Nikamwambia nchi hii haina huyo mnyama. Akanijibu, "Ndiyo maana inauma, Baba." Mwisho akaokota chura kwenye mtaro jirani na kwetu hapa Moshi mjini, siku mafundi walipokuja kuumwagia zege. Akampa jina Brayan.

Brayan ana nyumba ya kioo iliyotengenezwa na fundi wa madirisha. Ana kipimajoto. Mimi mwenyewe sina kipimajoto. Ana ukungu unaopuliziwa asubuhi na jioni, ana panzi wanaofugwa kwenye boksi lao, nao hao panzi wanalishwa karoti, kwa hiyo nyumbani kwangu chakula cha chakula cha chura kinakula mboga kabla yangu. Ukipita karibu ukiwa unaongea kwa simu unaambiwa, "Baba, sauti. Unampa stresi." Chura! Mangi aliishi jirani na mashine ya kukoboa mahindi.

Mwezi uliopita Aika alikwenda Arusha siku tano na kwaya ya vijana, na huko simu zilikuwa zinakusanywa. Kabla ya kuondoka alibandika karatasi kwenye friji, kurasa mbili, mwandiko mzuri. Akanisomea kwa kidole, kama mwalimu wa awali.

"Baba, hapa. Maji ya bomba usimwekee moja kwa moja. Yana dawa. Yakae wazi kwenye ndoo siku nzima kwanza. Chura anakunywa kwa ngozi, unaelewa? Kila kinachomgusa kinaingia ndani."

"Naelewa."

"Rudia."

"Aika, mimi nimefuga vyura kabla mama yako hajajua njia ya Mwika."

Alinitazama, akamtazama Brayan. "Baba, ni wangu wa kwanza," akasema taratibu. "Nimemwahidi hatakufa." Kisha akabeba begi lake akaenda.

Nilipiga picha ile karatasi nikaituma kwenye kundi. Tulicheka siku nzima. Mmoja aliuliza kama chura analala na chandarua. Aminieli, ambaye sasa ana duka Himo na tumbo la mwenye duka, aliandika kwamba hiki ni kizazi cha maelekezo, watoto hawawezi hata kumenya ndizi bila video. Mimi nikaongeza hadithi ya Mangi, makofi yakaja.

Jumatano maji ya Brayan yalikuwa yamechafuka na ndoo ilikuwa tupu, kwa sababu aliyetakiwa kuijaza jana yake alikuwa anatuma picha. Nikafungua bomba. Nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Enzi zetu." Nikamimina.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Brayan amelala kifudifudi, miguu imetawanyika kama mlevi wa mbege aliyeshindwa ngazi. Ngozi yake, iliyokuwa ya kijani, ilikuwa rangi ya majivu. Nilimgusa na kijiti. Alisogeza kidole kimoja, basi.

Hapo elimu yangu yote ya chuo kikuu ilikusanyika na kunipa wazo moja: maji ya mfongo. Chura wa kweli apate maji ya kweli. Nilimweka kwenye kontena la chakula juu ya kitambaa chenye maji, nikamfunga mkanda kwenye kiti cha mbele, nikaendesha kuelekea Himo na kupandisha Mwika nikimwambia, "Brayan, kaa hapa hapa, baba," mimi mtu mzima mwenye suti ya ofisini.

Mama yangu, ambaye bado anaishi kihambani, alikuwa anamkatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana. Nimekuja kuchota maji ya mfongo."

Aliacha panga. "Mfongo upi? Una miaka mingapi hujafika huko nyuma wewe? Kila Krismasi unakuja unakula kiburu, unalala, unaondoka."

Nilikwenda kuangalia. Mfongo ulikuwa mtaro wa majani makavu, na juu yake limepita bomba jeusi la plastiki. Nilichungulia migomba mitatu, minne. Vikombe vilikuwa na vumbi. Nikarudi nimeshika kontena mikono miwili, mama akafunua kifuniko.

"Chura," alisema.

"Ni wa Aika. Nimempa maji ya bomba."

"Na mtoto alikukataza?"

"Aliandika."

Mama hakunigombeza. Alikwenda kwenye pipa lake la maji ya mvua aliyokinga masika, akachota kwa kata, akamwosha Brayan taratibu, akamwaga, akachota tena, mara tano au sita, mikono yake imelowa hadi kwenye viwiko. Akamweka kivulini kwenye bakuli, maji ya kina cha ukucha. Tukakaa kwenye mabenchi kusubiri, na mimi, kwa kutafuta la kusema, nikasema labda ningekumbuka nilivyomtunza Mangi.

Mama alicheka hadi akashika ubavu.

"Mangi yupi? Yule uliyemwogesha?"

Nikajifanya naangalia bakuli.

"Jumamosi ile ya kujiandaa na kanisa. Ulimsugua na sabuni ya kufulia, miguu yote, ukasema Mama amesema hakuna kulala bila kunawa. Asubuhi ukampaka mafuta ya mgando, aende Jumapili aking'aa kama wenzake. Tulipotoka ibadani alikuwa amekauka. Ulilia ukakataa mtori. Alikaa kwako siku ngapi yule? Kumi?"

Siku tisa. Nilikuwa nazijua. Nimezijua miaka yote nilipokuwa nikisimulia masika na mavuno. Na chura wa Aminieli alifia kwenye buti, juani. Na viluwiluwi wa kwenye kisiki tuliwasahau kikakauka. Nilijaribu, pale benchini, kumkumbuka chura mmoja tu, katika ule umati wote, aliyetoka mikononi mwetu akiwa hai. Sikumpata. Nilifikiria kuliandikia kundi jambo hilo. Sijaliandika.

Saa nane mchana koo la Brayan lilianza kucheza. Saa tisa alikunja miguu akakaa. Tulipokuwa tunajadiliana kama amerudi kweli, aliruka kutoka kwenye bakuli akatua kwenye kanga ya mama, na mama, mwanamke wa ile amri ya mlangoni, akabaki ameketi bila kutikisika ili asimwangushe.

Nilipokuwa naondoka na dumu la maji ya mvua, alikwenda kwenye mpaka wa kihamba akakata jani la isale, akalipiga fundo, akanipa. Aliyekulia mlimani hahitaji kuelezwa. Aliyekosa anapeleka isale, aliyekosewa akilipokea amesamehe, na hakuna anayerudi kuuliza ilikuwaje. Kwa jani hilo ndugu waliokaribia kuuana wamekunywa pamoja kibuyu kimoja.

"Mpelekee mtoto," mama alisema. "Yeye ndiye uliyemkosea."

Aika alirudi Jumamosi. Kabla ya shikamoo alikwenda kwenye kioo. Brayan alikuwa kijani, amekaa. Binti yangu akageuka, uso wote unacheka. "Baba! Umemweza!"

Nikamnyooshea isale kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Alilipokea. Aliligeuza, akalinusa, akaona fundo, akasema, "Jamani, Baba, umemtafutia na mmea! Alikuwa hana kivuli." Akalisuuza kwa maji ya ndoo, akalisimika kwenye kona ya nyumba ya kioo. Brayan akalitazama kidogo, akapanda, akakaa juu ya fundo.

Enzi zetu ingeishia hapo. Jani limetolewa, limepokelewa, watu wanaingia ndani kula. Kosa kama langu lilimalizwa na isale, au na fimbo tatu kama mkosaji ni mtoto, na vyote viwili vilikuwa na huruma moja kubwa: havikumtaka mtu aseme. Tulicheka kizazi cha maelekezo, na sisi tulilelewa bila kujifunza kueleza hata kitu kimoja. Nilikuwa na lugha moja ya kuomba msamaha, na chura alikuwa ameikalia.

Kwa hiyo nilivuta kiti. "Aika, kaa," nikasema. "Jumatano niliweka maji ya bomba."

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, na nilipomaliza habari za Brayan nikajikuta naendelea, nikaeleza za Mangi pia, sabuni, mafuta, siku tisa. Ni mtu wa kwanza kuisikia yote kutoka kwangu. Sikujua niweke wapi macho.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" aliuliza.

"Minane."

"Hukujua," alisema. Kisha akaongeza, "Ila Jumatano ulikuwa unajua."