Nilimfungia Shemeji Yangu Akaunti ya Bajaji, Sasa Nyumba Nzima Imenigeuka

Admin, jina langu libaki kwako, na majina ya humu nimeyabadili. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa, nina watoto wawili. Kwetu ni Ijumbi, Muleba, nimeolewa Izimbya, na tunaishi Bakoba hapa Bukoba mjini. Wengi mtanitukana kabla hamjamaliza kusoma, lakini nimechoka kulia peke yangu.

Ninafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya bajaji na bodaboda za kuita kwa simu. Mimi ndiye msimamizi wa uendeshaji. Kazi yangu ni kuangalia madereva wako wapi, abiria wanasubiri kiasi gani, nani apelekwe Rwamishenye, nani abaki karibu na stendi. Malalamiko yote ya abiria yanakuja kwangu, na dereva akikosea mimi ndiye ninayemfungia akaunti asipate safari.

Mdogo wake mume wangu, tumwite Deus, ni mmoja wa madereva wetu. Ni kijana mcheshi, watoto wangu wanampenda. Siku moja mchana alikuja ofisini binti mmoja anayesomea uuguzi, nitamwita Neema. Hakutaka kukaa. Akaniambia alipanda bajaji ya Deus mvua ikinyesha, ikapitiliza njia ya kwao, akamwambia asimame, naye akaongeza mwendo. Alipokuja kusimama ilikuwa kwenye mikaratusi, hakuna nyumba. Akaanza kumshika. Neema alichana pazia la bajaji akarukia matopeni, akakimbia. Alinionyesha magoti yake yaliyochubuka. Nilimwambia, "Mdogo wangu, huyu hatarudi barabarani. Nakuahidi."

Sikutaka kumhukumu shemeji bila kumsikiliza. Jumapili tulipotoka misani alikuja kula kwetu kama kawaida. Nikamuuliza mbele ya mume wangu. Akacheka, mdomo umejaa ndizi. "Shemeji, nilimtania tu. Angetulia asingeumia. Wasichana wa chuo wanajifanya watakatifu."

Nilimtazama mume wangu nikitegemea atasema neno. Akasogeza bakuli la samaki akaniambia, "Mama Alinda, tule kwanza."

Kesho yake nilifunga akaunti ya Deus.

Hapo ndipo nilipowajua watu. Mama mkwe alikuja kutoka Izimbya mikono mitupu. Wahaya mnanielewa, mama haji kwa mwanaye bila hata mkungu mmoja wa ndizi. Hakutaka chai. Akasema, "Waitu, mkamwana, nilikupokea kama niliyekuzaa. Leo unamfanya mwanangu mbakaji mbele ya watu kwa maneno ya mtoto usiyemjua?"

Nikamwambia, "Mama, mwenyewe alikiri hapa hapa."

Akamgeukia mume wangu. "Alikiri?"

Mume wangu, baba wa watoto wangu, ambaye kila Jumapili tunapiga magoti benchi moja, akasema, "Mimi sikusikia kitu kama hicho."

Ndugu zangu, sijawahi kupigwa na mwanaume, lakini siku hiyo nilijisikia kama nimepigwa.

Ofisini nako bosi aliniita. Akasema madereva ni wachache, mvua zimeanza, abiria wanasubiri mpaka wanaghairi, halafu mimi nafungia watu kwa ugomvi wa kifamilia. Nilimweleza yote. Akasema, "Kama ni kweli, binti aende polisi. Sisi tunasafirisha watu, hatuendeshi mahakama." Nikakataa kufungua ile akaunti. Akanituma Muleba kusimamia madereva wapya tuliowaandikisha kule. Nilikwenda nikiamini ni kazi. Nilipokuwa huko, akaifungua mwenyewe.

Nikiwa nawaelekeza wale madereva jinsi ya kupokea abiria, simu ikaita. Alikuwa Neema, anahema. Mvua ilikuwa kubwa Bukoba, akaita usafiri, na mfumo wetu ukamtafutia dereva aliye karibu. Jina la dereva lilipokuja kwenye simu, yeye alikuwa amevaa kofia ya koti, macho kwenye matope, hakulisoma. Alipoinua kichwa ili apande, akamwona Deus anatabasamu. Akamwambia, "Karibu, mteja wangu."

Neema alikimbilia duka la unga akajificha nyuma ya magunia. Huko ndiko alikonipigia. "Dada, uliniahidi. Mbona mmemtuma tena?"

Wale madereva walikuwa wananitazama.

Safari hii Neema amekwenda polisi, na amenitaja kuwa shahidi. Deus anakana kila kitu, kwa hiyo ushahidi nilio nao ni yale aliyosema mezani kwangu, na waliosikia ni mimi na mume wangu tu. Nimeitwa nikatoe maelezo. Bosi amesema nikienda nisitaje kampuni, na nikiitaja nisirudi kazini. Mume wangu amesema waziwazi, "Ukikanyaga pale polisi kumfunga ndugu yangu, pitiliza mpaka Ijumbi kwa baba yako. Watoto utawaacha." Na ameshawapeleka Izimbya, anasema wakamsalimie bibi. Nikipiga simu niongee nao, mama mkwe anasema wako kibanjani, kwenye migomba.

Nilimpigia mama yangu mzazi nikidhani yeye atanishika mkono. Akasema, "Mwanangu, huyo binti atasahau. Wewe ndoa yako ukiivunja, utaipata wapi nyingine?"

Sijui kama atasahau. Amehama chumba alichopanga, chuoni anakwenda kwa miguu, na binti yangu wa kwanza anakaribia umri wa kupanda bajaji peke yake.

Mnaosoma hapa, hasa kina mama mliowahi kuwekwa kati ya nyumba na ukweli, niambieni wazi. Niende polisi nikaseme nilichosikia, nipoteze watoto na kazi? Na mkisema ninyamaze, basi mniambie pia: Neema akinipigia tena, nimjibu nini?